Kipandauso na mfungo: tuanze Shaabani

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Nimeombwa nizungumze juu ya kipandauso na chakula, nami nikaomba tukutane Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Sababu mtaiona.

Si kila kichwa kinachouma ni kipandauso. Hiki hugonga, mara nyingi upande mmoja, kikaleta kichefuchefu, ukawa hutaki mwanga wala mlio wa sufuria. Kisipotibiwa huweza kukaa hata siku 3. Na sisi wanawake kinatupata karibu mara 3 ya wanaume.

Wengi mnataka niwatajie vyakula vya kuacha. Sina orodha ndefu. Chokoleti, kwa mfano, nadhani inasingiziwa sana. Siku moja kabla ya maumivu ubongo huwa umeshaanza kubadilika, na baadhi ya watu hutamani vitamu. Mtu anakula leo, kesho kichwa kinamuuma, chokoleti ndiyo inayoshtakiwa! Ninachokiogopa mimi ni kukaa bila kula. Sasa Ramadhani inakuja na njaa, kiu, usingizi wa vipande vipande, na kahawa kukatika ghafla, vyote siku ya kwanza.

Tuanze na kahawa. Mwili uliozoea kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, ukiikosa, kichwa huanza kuuma ndani ya siku moja. Basi ipunguzeni sasa: aliyezoea vikombe 3 ashuke 2 wiki hii, wiki ijayo kimoja, kisha nusu. Na chai ya rangi iliyokolea imo humohumo. Naona mnacheka, ila ndiyo hivyo.

Daku msilile saa 4 usiku mkalala moja kwa moja. Licheleweshwe, na sunna yenyewe ndiyo hiyo. Kuleni kinachokaa tumboni: maharage, mbaazi, mayai, uji wa mtama. Maji mnywe kidogo kidogo tangu magharibi. Kubugia jagi zima adhana ikikaribia hakusaidii.

Vidonge je? Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walichukua wagonjwa 55, wengine wakapewa miligramu 400 za vitamini B2 kila siku, wengine kidonge kitupu, kwa miezi 3. Kwenye vitamini, 59 kati ya kila 100 walipungukiwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi; kwenye kidonge kitupu, 15. Utafiti ni mdogo, lakini dawa haina bei ya kutisha wala madhara makubwa. Mkojo utakuwa wa manjano kali, msishtuke. Ila mtu akianza leo, asitarajie nafuu Ramadhani hii. Madini ya magnesiamu nayo huwasaidia baadhi. Huharisha, na mwenye figo mbovu asiiguse bila daktari. Korosho, ufuta na mchicha vinayo, kwa hiyo jikoni kwanza.

Jihadharini na dawa za maumivu. Hata zile za kawaida za dukani, ukizinywa siku 15 au zaidi kila mwezi, baada ya miezi kadhaa zenyewe ndizo zinazokuumiza kichwa.

Aliye na dawa ya daktari ya kuzuia kipandauso asiiache. Amuulize namna ya kuihamishia futari na daku. Anayezidiwa, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, atalipa siku nyingine. Kichwa kikilipuka ghafla kuliko ulivyowahi kuona, au kikaja na homa, shingo ngumu au mkono kulegea, hapo msizungumze habari ya chakula, nendeni hospitali.

Na dada aliyeniuliza mlangoni kuhusu ujauzito: vidonge vyote nilivyotaja, usianze hata kimoja kabla hujamwona mkunga wako.