Kuketi Pamoja: Nafasi ya Jumuiya katika Kujifunza Mafundisho ya Buddha na Taamuli

Ndugu wasikilizaji,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mara nyingi huachwa pembeni taamuli, yaani kuketi kimya na kuuangalia moyo, inapoelezwa kwa watu wapya. Taamuli huelezwa kama kazi ya mtu mmoja, macho yamefumbwa, mlango umefungwa. Nami nasema kwamba mafundisho ya Buddha tangu mwanzo yalikuwa mafundisho ya watu wanaokaa pamoja, na kwamba anayejaribu kuyashika akiwa peke yake, hata awe na bidii kiasi gani, anakosa sehemu ya mafundisho yenyewe.

Katika maandiko ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, yamo mazungumzo mafupi ambayo mimi huyarudia mara kwa mara. Ananda, mtawa aliyemhudumia Buddha kwa miaka mingi, alimwendea akamwambia kwamba, kwa maoni yake, urafiki na watu wema ni nusu ya maisha matakatifu. Bila shaka alidhani ametoa neno zito. Buddha akamzuia asiseme hivyo, akamweleza kwamba urafiki huo ni maisha matakatifu yote, kwa kuwa mwenye marafiki wema ndiye anayetarajiwa kuikuza Njia Adhimu yenye sehemu nane, ile njia ya mwenendo na ya moyo aliyoifundisha Buddha. Wengi wetu tukiyasikia maneno hayo huyapokea kama sifa njema kwa urafiki, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Mimi nayapokea kama agizo.

Najua yupo atakayeuliza: je, Buddha mwenyewe hakuketi peke yake chini ya mti pale Bodh Gaya, India, alipopata mwamko? Aliketi. Lakini tuangalie alichofanya baadaye. Alitembea zaidi ya kilomita 200 hadi Sarnath, karibu na mji wa Varanasi, kuwatafuta watu watano waliowahi kuishi naye katika kujinyima, na ambao walikuwa wamemwacha walipomwona ameanza tena kula chakula cha kutosha. Simulizi la siku zile lina kipande kidogo ambacho wengi hukipita bila kukitazama. Buddha alipokuwa akiwafundisha wawili, watatu walikwenda kupokea chakula cha sadaka, na wote sita wakala kilicholetwa na wale watatu. Alipokuwa akiwafundisha watatu, wawili walikwenda, na wote sita wakala kilicholetwa na hao wawili. Hekalu halikuwapo, sanamu wala kitabu. Walikuwa watu sita waliogawana kazi ili kila mmoja, kwa zamu yake, apate nafasi ya kusikia, kuuliza na kunyamaza. Darasa la kwanza la Ubudha lilikuwa hilo, na sioni kwamba tumewahi kupata mpango ulio bora zaidi.

Kwa karne kadhaa baada ya hapo mafundisho hayakuandikwa. Watawa waligawana sehemu za kuhifadhi kwa moyo, wakazikariri kwa sauti mbele ya wenzao, mpaka zilipoandikwa huko Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Aliyesahau mstari aliukumbushwa papo hapo, na aliyeongeza neno lake mwenyewe alisikika. Ndiyo sababu hotuba zile zimejaa marudio yanayomchosha msomaji wa leo anayezisoma kimyakimya, kwa maana ziliundwa kwa ajili ya masikio mengi na sauti nyingi. Kusoma peke yako, ndugu zangu, ni desturi iliyokuja baadaye sana katika historia ya mafundisho haya, na ingawa siikatazi, inafaa tukumbuke kwamba maandiko yenyewe hayakuitarajia.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi kusoma pamoja kunavyofanya kazi. Hotuba ya kuzingatia pumzi ina hatua 16 zilizopangwa nne nne. Hatua ya kwanza ni kwamba mtu akivuta pumzi ndefu, ajue kwamba anavuta pumzi ndefu. Maneno haya ni mepesi kiasi kwamba msomaji wa peke yake huyapita mbio akitafuta yaliyo mazito zaidi. Yasomwe kwa sauti katika duara la watu wanane au kumi, watu waketi nusu saa, kisha kila mmoja aeleze alichokifanya. Mmoja atasema kwamba alijitahidi kuirefusha pumzi ili ilingane na andiko. Mwingine atasema vivyo hivyo, na kwamba kifua kilimbana. Ndipo wa tatu, ambaye huenda ni mgeni kabisa, anapouliza: andiko limemtaka mtu ajue tu jinsi anavyovuta pumzi, limeagiza wapi kwamba airefushe? Hapo ndipo duara zima linapoona kwamba kila mmoja alikuwa akiilazimisha pumzi, na kwamba kazi iliyoagizwa, ile ya kujua bila kulazimisha, hakuna aliyekuwa ameianza. Mtu angeweza kukaa na kosa hilo miaka mingi chumbani mwake, tena akajisifu kwa bidii yake.

Mafundisho hutaja hekima ya aina tatu: inayotokana na kusikia, inayotokana na kufikiri na inayotokana na kukuza moyo kwa taamuli. Katika kundi zuri zote tatu hukutana mezani kwa wakati mmoja. Anayesoma sana humpa kazi anayeketi sana, naye anayeketi sana humrudisha msomi kwenye mambo anayoyaona, badala ya yale anayoyakumbuka tu.

Juu ya taamuli yenyewe, lipo simulizi la Meghiya, mtawa kijana aliyekuwa akimhudumia Buddha. Aliona shamba la miembe kando ya mto, pakampendeza, akaomba ruhusa ya kwenda kutaamali huko peke yake. Buddha alimwambia asubiri hadi mtawa mwingine afike. Meghiya akaomba tena, na mara ya tatu akaruhusiwa. Akaketi chini ya miembe, mahali pazuri kabisa, na mara akavamiwa na mawazo ya tamaa, ya chuki na ya ukatili, akarudi kwa mshangao. Buddha alimtajia mambo matano ambayo hukomaza moyo ambao bado haujakomaa, na la kwanza lilikuwa kuwa na marafiki wema. Mengine, yaani maadili, mazungumzo yenye faida, juhudi na ufahamu wa jinsi mambo yanavyotokea na kutoweka, yalimfuata huyo rafiki mwema. Simulizi hili halilaani upweke. Wako watawa wengi waliosifiwa kwa kuishi msituni. Linachosema ni kwamba upweke una wakati wake, na mwenye kuutamani si lazima awe yule aliye tayari kwa ajili yake.

Niongeze tahadhari hapa, kwa sababu naiona inasahaulika. Anayeketi kwa saa nyingi kila siku anaweza kukutana na hofu kali, kumbukumbu za machungu, kukosa usingizi, hata kuchanganyikiwa. Aliye peke yake huenda akayadhania hayo kuwa dalili za maendeleo, akazidisha saa. Wenzake wangeona kwamba hali chakula vizuri, kwamba anaongea kwa namna isiyo ya kawaida yake, nao wangemshauri apumzike, atembee, azungumze na tabibu. Katika njia iliyoenezwa na mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma (Myanmar ya leo), anayejitenga kwa siku nyingi ili kutaamali humweleza mwalimu mara kwa mara kile alichokiona, na mwalimu humwelekeza kulingana na maelezo hayo. Utaratibu huo una sababu, na kundi dogo lisilo na mwalimu linapaswa kuupatia mbadala wake, walau kwa kuwa na mtu mzoefu wa kumwendea.

Kuketi pamoja hutoa pia nguvu ya kawaida ambayo haihitaji falsafa. Mguu ukifa ganzi, mtu aliye peke yake huinuka. Aliye kati ya wenzake hungoja kidogo, na katika kungoja huko huona kwamba maumivu hubadilika. Sharti asitulie kwa sababu ya kuona haya tu. Kukaa kama jiwe ili usionekane dhaifu ni majivuno, na kiongozi mwenye busara huwaambia watu waziwazi kwamba wanaweza kusogea.

Hata hivyo sehemu ngumu zaidi ya jumuiya huja baada ya kengele kulia, wakati wa kupanga viti, kufagia, kuamua nani atasoma na nani amesema mno. Buddha alipowatembelea Anuruddha, Nandiya na Kimbila, watawa watatu waliokuwa wakiishi msituni, aliwauliza wanaishije kwa amani kama maziwa yaliyochanganyika na maji. Jibu lao halikuwa na mafumbo. Anayerudi wa kwanza kutoka kupokea chakula hutandika mahali pa kukaa na huweka maji ya kunywa na ya kunawa. Anayerudi wa mwisho hufagia. Anayeona mtungi ni mtupu huujaza, na ukimshinda uzito humwita mwenzake kwa ishara ya mkono, wakaubeba pamoja bila kuvunja ukimya. Kisha kila siku ya tano hukaa usiku kucha wakizungumza juu ya dharma, yaani mafundisho ya Buddha. Kila mmoja hujiambia: kwa nini nisiyaweke kando nitakayo mimi, nikafanya watakayo hawa? Hiyo ndiyo taamuli yenye mikono na miguu.

Mtasema kwamba hao walikuwa watawa. Ni kweli, na kwa muda mrefu taamuli ilihesabiwa kuwa kazi ya watawa, huku walei wakitoa sadaka na kushika kanuni tano za maadili. Hali hiyo ilibadilika sana huko Burma. Baada ya Waingereza kuuondoa ufalme wa nchi hiyo mwaka 1885, mtawa Ledi Sayadaw, aliyehofia kwamba mafundisho yangepotea yakikosa ulinzi wa mfalme, aliwahimiza walei wakutane katika vikundi kujifunza yale yaliyokuwa yakisomwa na watawa. Baadaye U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya nchi hiyo, aliwafundisha taamuli watumishi wenzake, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo S. N. Goenka, ambaye kozi zake za siku 10 zimefika mabara yote. Watu wenye kazi na familia wakajua kwamba njia hii iko wazi kwao.

Limebaki suala la mamlaka, na hili sitaki nilipite haraka, kwa kuwa jumuiya kadhaa za Kibudha zimeumiza watu pale mwalimu alipogeuzwa mtu asiyeulizwa. Buddha alipokaribia kufa hakumteua mrithi. Aliwaambia watawa kwamba mafundisho na nidhamu aliyoiweka ndivyo vitakuwa mwalimu wao. Aliweka pia utaratibu wa kila mwaka, mwishoni mwa miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hukaa mahali pamoja, ambapo kila mtawa huwaomba wenzake wamwonye kwa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Mzee zaidi ndiye anayetangulia kuomba, na kijana humaliza. Mwaka mmoja, mbele ya watawa wapatao 500, Buddha mwenyewe aliwauliza kama wana jambo la kumlaumu katika matendo au maneno yake. Sariputta, mmoja wa wanafunzi wake wakuu, alijibu kwamba hawana, kisha akauliza swali hilohilo juu yake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akinijia kutaka ushauri kuhusu kundi la kujiunga nalo, simwulizi kwanza ni la madhehebu gani, wala watu huketi kwa dakika ngapi. Humwuliza kama amewahi kumsikia kiongozi wa kundi hilo akiulizwa swali gumu mbele ya wengine, na alilijibu vipi.