Satelaiti Ziongozane, Zisipishane

Ndugu mwenyekiti, wenzangu wa upimaji na wa anga, asanteni. Mnaonifahamu mnajua nitakapoanzia: kwenye sekunde 70.

Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha TOPEX/Poseidon, satelaiti ya kupima urefu wa uso wa bahari kwa rada kutoka kilomita 1,336 juu. Desemba 2001 ikafuata Jason-1. Ile ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Wasimamizi wangeweza kuiweka mpya popote na kuanza hesabu upya. Hawakufanya hivyo. Waliipeleka kwenye njia ileile, ikaitangulia mwenzake kwa sekunde 70 hivi, na kwa miezi kadhaa zote mbili zikapima maji yaleyale, mawimbi yaleyale, chini ya hewa ileile. Katika sekunde 70 bahari haibadiliki kiasi cha kuhesabika. Majibu yakitofautiana, basi kosa ni la chombo.

Na yalitofautiana, kwa sentimita kadhaa. Tukae hapo kidogo. Bahari inapanda kwa wastani wa milimita 3 na ushee kwa mwaka. Sentimita kadhaa za kosa la chombo zinatosha kumeza miaka kumi na zaidi ya kupanda kwa bahari. Bila ile miezi ya kuongozana, mwaka 2002 bahari ingeonekana imepanda au imeshuka ghafla, na kila mtu angeshika jibu linalompendeza. Rekodi ya zaidi ya miaka 30 tunayoitegemea leo isingekuwepo. Tungebaki na vipande visivyoungana. Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016, Sentinel-6 Michael Freilich mwaka 2020: kila mara mpya imeongozana kwanza na ya zamani. Hiyo ya mwisho ilikaa sekunde 30 nyuma ya Jason-3 kwa zaidi ya mwaka.

Najua kuna atakayeniuliza: kwa nini tuweke vyombo viwili vya bei kubwa mahali pamoja, ilhali vikitawanywa vingeona eneo maradufu? Swali hilo nalisikia kila bajeti inapojadiliwa, na jibu langu ni lilelile. Kazi ya kulinganisha ikiisha, ya zamani inasogezwa pembeni na hayo maeneo mapya tunayapata. TOPEX/Poseidon yenyewe ilisogezwa hivyo mwaka 2002, ikawa inapita katikati ya njia za Jason-1. Tunachoombwa kusubiri ni miezi. Tusiposubiri, hakuna fedha itakayoturudishia bahari ya mwaka uliopita tukaipime tena.

Mnataka kuona pengo likoje? Tazameni upande wa satelaiti zinazopima nguvu ya uvutano wa Dunia, ambayo hubadilika kidogo barafu au maji yanapohama. Jozi ya GRACE ilirushwa Machi 2002, satelaiti mbili zikifuatana kwa kilomita 220 hivi na kupima badiliko la umbali kati yao kwa usahihi wa mikromita. Kwa hizo tuliona barafu ya Greenland ikipungua na maji ya chini ya ardhi yakinyonywa. Mwaka 2017 betri zikachoka, zikazima. GRACE-FO ikaruka Mei 2018. Karibu mwaka mzima umekosekana. Wapo waliojaribu kuuziba kwa vipimo vya leza na kwa satelaiti za Swarm, ambazo kazi yake hasa ni usumaku wa Dunia. Nawaheshimu kwa jitihada hiyo, lakini wanachopata ni sura ya jumla tu. Ukame na mafuriko ya miezi ile hayatapimwa tena kwa undani. Sasa Marekani na Ujerumani wanaandaa GRACE-C, na Ulaya inaandaa jozi yake, NGGM, itakayopita kwa mwinamo tofauti kuhusiana na ikweta. Zikiwa angani kwa wakati mmoja, ramani za uvutano zitakuja upesi zaidi na kwa undani zaidi. Moja ikizima kabla nyingine haijafika, tutakuwa tumelipia jozi mbili na kutumia moja.

"Fedha hazipo." Jamani, si kila uratibu unadai fedha nyingi! Julai 2020 CryoSat-2, satelaiti ya Ulaya ya kupima barafu iliyokuwa angani tangu 2010, ilipandishwa kwa chini ya kilomita moja. Basi. Tangu hapo, kila baada ya siku moja na nusu njia yake ikawa inaoana na ya ICESat-2 ya Marekani juu ya Aktiki. Leza ya ICESat-2 hugonga juu ya theluji, rada ya CryoSat-2 hupenya theluji kuelekea kwenye barafu. Toa kipimo kimoja katika kingine, unakadiria unene wa theluji, kitu ambacho hakuna kati yao ingekipata peke yake.

Muda unanibana na sijagusa mfumo wa marejeo, yaani mahali tunapoanzia kuhesabu kila kipimo, ambao ndio msingi wa yote. Urefu wa bahari tunaupima kuanzia kitovu cha uzito wa Dunia, na kitovu hicho tunakifuatilia kwa kupiga leza kwenye satelaiti kama LAGEOS, tufe la sentimita 60 lenye viakisi 426, lililorushwa 1976. Kitovu kikiyumba katika hesabu zetu, bahari nayo itaonekana inapanda au kushuka mahali ambapo haijasogea. Ndiyo maana tunadai usahihi wa milimita 1 na uthabiti wa milimita 0.1 kwa mwaka. Hatujafika. Genesis, satelaiti ya Ulaya iliyoidhinishwa 2022, itabeba mbinu zote nne za kujenga mfumo huo kwenye chombo kimoja: GNSS (satelaiti za mahali kama GPS), leza, DORIS (mawimbi ya redio kutoka vituo vya ardhini) na VLBI (darubini za redio zilizo mbalimbali). Hapo makosa ya kila mbinu yatajulikana. Lakini ili isomwe vizuri inahitaji vituo vya ardhini kusini mwa ikweta, ambako bado ni vichache mno, ingawa Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio 69/266 la kuhimiza nchi zishirikiane katika mfumo huo tangu 2015.

Pengo jingine, la rada ya satelaiti ya Ulaya Envisat, iliyonyamaza Aprili 2012 wakati mrithi wake Sentinel-1A ikiwa bado miaka miwili kuruka, naliacha. Atakaye aniulize.

Ombi langu ni moja. Mkataba wa kila misheni mpya utaje tangu mwanzo itaongozana na ipi, kwa miezi mingapi, na nani atalipa ili ya zamani ibaki hai mpaka ulinganisho uishe. Karibuni kwa maswali.