Mwalimu, usiache kazi kwanza

Hamjambo huko nyumbani. Gulu, Lira, Arua, Bombo, Busia, na nyie wa Kampala mnaotazama kwa waifai ya ofisi huku bosi hajafika, nawasalimu wote. Hapa Manchester mvua, kama kawaida yake, ndiyo maana leo nazungumza nanyi kutoka jikoni. Mkiniona nageuka nyuma mjue naangalia maharage.

Kuna kijana, mwalimu wa sekondari huko upande wa Gulu, anazifuatilia sana hizi video. Ananiita anti, nami sikatai. Ameandika riwaya, ndiyo yake ya kwanza, na ameiandika kwa Kiswahili. Amekubali niizungumzie mradi nisimtaje jina. Swali lake ni hili: "Anti, nataka niache kazi, niuze kiwanja, nije huko Uingereza nisomee uandishi, niimalize riwaya kwa utulivu. Unasemaje?"

Nasema hapana. Lakini hapana tupu haimfai mtu, kwa hiyo kaeni.

Kwanza niwaambie nilichokiona. Hakunitumia faili. Alinitumia picha za simu, ukurasa kwa ukurasa, za kaunta buku. Mwandiko wa bluu, mdogo, umebanana kama abiria wa teksi ya jioni. Pembeni kwa kalamu nyekundu kuna maksi za S.2, yaani kidato cha pili, nyingine kazizungushia duara, na chini ya ukurasa mmoja ameandika orodha ya watoto ambao hawajaleta fagio na karatasi za choo. Kumbe kitabu kile kile ndicho cha kazi! Mbele ni maandalio ya somo, ukikigeuza nyuma ndiyo riwaya.

Sasa, kuna sura inayotokea kwenye chumba cha walimu. Ni mwisho wa mwezi, mshahara haujaingia. Mwalimu wa fizikia anawakopesha wenzake wa Kiswahili na historia, na madeni anayaandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati la vitabu. Mlango ukifunguliwa, kila mtu anaangalia pengine. Halafu siku moja mkaguzi anakuja, anaomba aone vitabu vya kiada, na mwenye ufunguo ni mwalimu wa historia. Jamani! Ile sehemu anavyohangaika na ufunguo, anasema kufuli lina kutu, anasema tuanze na bustani ya shule kwanza, mimi nilicheka peke yangu humu ndani mpaka jirani akagonga ukuta.

Wanaoishi nje ya Uganda huenda hawaelewi utani uko wapi, basi niwaeleze. Mwaka 2022 serikali ilimpandishia mshahara mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa masomo ya sanaa, digrii ile ile, chaki ile ile, akabaki kwenye milioni moja na kitu. Walimu waligoma. Kwa hiyo kabati lenye madeni ya chaki ndiyo nchi yenyewe imeingia mle ndani, na kijana huyu hakulihutubia hilo hata kwa sentensi moja. Ameweka tu mlango na chaki.

Halafu inakuja sura ya London. Shujaa anatua Heathrow, theluji inaanguka, anaingia mahali pa kahawa, anakutana na msichana mwenye mwavuli mwekundu. Mwanangu. Hiyo theluji nimeshaiona kwenye filamu, na wewe ndiko ulikoitoa. Msichana hana hata harufu. Hana anachodaiwa na mtu. Nilisoma kurasa zile huku nikipiga miayo, na mwandishi ni yule yule aliyenichekesha kurasa chache nyuma.

Ndiyo sababu yangu ya kwanza hiyo. Hicho anachotaka kukiuza ili apate nafasi ya kuandika ndicho kinachoandika.

Atasema, lakini anti, Jennifer Makumbi je? Najua atasema hivyo kwa sababu ameshasema. Haya, tumzungumze Jennifer Nansubuga Makumbi, mwandishi wetu, ambaye maisha yake ameyafanya hapa hapa Manchester. Naye alikuwa mwalimu. Alisomea ualimu pale IUIU, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, akafundisha Kiingereza na fasihi, Nakasero High School kwanza, kisha Hillside. Mwaka 2001 akaja huku kusoma uandishi wa kubuni. Ndiyo, alikuja. Sasa piga hesabu nami: riwaya yake ya kwanza, Kintu, imechapwa 2014. Katikati ya hapo kuna masomo juu ya masomo hadi udaktari kule Lancaster, na maisha ya mgeni, ambayo sisi watu wa kyeyo, wa vibarua vya ughaibuni, tunayajua bila kuelezwa.

Na kitabu chenyewe kilipata mlango wapi? Wachapishaji wa hapa walikiona ni cha Kiafrika mno. Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, wakaendesha shindano la miswada ambayo haijachapwa, Makumbi akapeleka, mwaka 2013 akashinda, na Nairobi ikakichapa. Marekani ikakitoa 2017. Uingereza, nchi ambayo mwandishi analipa kodi ya nyumba, ikafuata 2018. Mwaka huo huo akapata tuzo ya Windham-Campbell ya Marekani, dola 165,000, na magazeti ya huku yakaanza kuandika kana kwamba wamemgundua wao.

Kifungueni hicho kitabu muone. Kinaanza Bwaise, mtaa wa Kampala, Jumatatu asubuhi, Januari 2004, watu wanabisha mlangoni. Kisha kinarudi hadi 1750, kwa gavana wa Buddu, jimbo la Buganda, anayempiga kofi kijana aliyemlea, kwa kosa la kunywea kibuyu chake, na kijana anakufa. Kofi moja, laana ya vizazi. Mtu aliandika hayo akiwa mbali, lakini hakuja kuyatafuta huku. Alikuja nayo.

Maharage, subirini.

Nimerudi. Na nyie wa Gulu mna wa kwenu, tena mnamsahau kwa jambo moja. Ukimtaja Okot p'Bitek kila mtu anakwambia Song of Lawino, lile shairi lake refu la 1966. Sawa. Lakini kabla ya hapo alikuwa na riwaya. Lak Tar, 1953, kwa Kiacholi, akiwa kijana wa miaka 22 hivi. Kijana maskini anampenda Cecilia, mahari imemshinda, anashuka Kampala kutafuta pesa, anaishia mashamba ya miwa upande wa Jinja, na anaporudi na senti zake wanamwibia njiani. Basi. Nendeni leo kwenye steji yoyote ya boda boda hapo Gulu muulize nani amewahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, maana Kiacholi changu ni cha kununulia nyanya, na nitasema ukweli hata mkinirushia mawe: mimi naipenda kuliko Lawino. Lawino anaongea vizuri mno. Okeca, huyu wa mahari, anakosea kama watu ninaowajua.

Na Okot aliishi vipi? Alisomea ualimu Mbarara. Alifundisha shule ya Sir Samuel Baker hapo Gulu, akawa anaongoza kwaya. Mpira ndio usiseme, alichezea timu ya taifa. Ndiyo uliomleta Uingereza mwaka 1956: timu ilikuja kucheza, ziara ikaisha, yeye akabaki kusoma. Ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha Oxford akasoma mila na desturi za watu. Ona mpangilio wake, mwalimu wangu. Riwaya ilikuwa imeshatoka miaka mitatu kabla miguu yake haijaikanyaga nchi hii. Uingereza ilimpa vyeti. Riwaya alikuja ameshaimaliza, na Lawino mwenyewe alimwandika akiwa ameshaondoka huku, akamchapisha Nairobi. Tena Nairobi!

Sisemi ughaibuni ni kubaya. Mimi niko huku, nakula, natuma. Lakini huo utulivu anaousema kijana sijui ameuona kwa nani. Mwanafunzi mgeni wa chuo kikuu anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ada anayolipa ni ya mgeni. Zile saa 20 hazilipi chumba na chakula na hiyo ada. Mimi nafanya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kuna usiku wote wametulia, unapata nusu saa yako, unasema leo nitasoma. Unashika kitabu. Unasoma mstari huo huo mpaka kengele ya chumba cha mwisho inalia, mzee anataka kugeuzwa upande. Kazi ina heshima yake na wazee wangu nawapenda, lakini kuuza kiwanja ili kuja kuitafuta hiyo nusu saa, hapana. Wewe una likizo ya Desemba mpaka Februari. Huku hakuna mtu wa kunipa likizo hiyo.

Tena kuna hili la lugha. Aliniuliza pia kama aigeuze yote iwe Kiingereza ndiyo wachapishaji waione. Kwa Uganda naelewa hofu yake, maana Kiswahili kwetu ni lugha rasmi ya pili tangu 2005 lakini duka la vitabu la Kampala utazunguka humo mpaka mlinzi akutilie shaka. Ila kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapwa. Mwalimu wa Gulu anayeandika Kiswahili cha Gulu, chenye Kiacholi ndani yake, hana wapinzani wengi wanaofanana naye mle. Na akipata nauli ya Kampala, FEMRITE pale Kamwokya, chama alichokianzisha Mary Karooro Okurut na wenzake mwaka 1995 kabla hajawa waziri, ni cha waandishi wanawake lakini vikao vyao vya kusomeana kazi wanaume wameketi humo miaka mingi. Apeleke sura ya kabati. Asipeleke ya London.

Kwa hiyo mwalimu wangu, sikiliza kazi niliyokupa. London yote toa. Kama shujaa lazima asafiri, mpeleke Karuma, mpeleke Elegu mpakani kwenye malori, mahali ambapo wewe mwenyewe umewahi kulala njaa. Mwalimu wa fizikia mwongezee kurasa, maana mpaka sasa namjua anavyodai lakini sijui yeye anadaiwa na nani, na nina hakika anadaiwa. Na ile kaunta buku usiiache kwenye kabati la shule, watoto wanaichana watengeneze ndege za karatasi. Ipeleke nyumbani leo.

Kisha ichapwe kwenye kompyuta, maana hakuna shindano litakalopokea picha za simu, na macho yangu nayo yamechoka. Hapo nawaomba nyie wa Gulu: mwenye duka la kuchapa kazi, aniandikie bei ya ukurasa mmoja, nitalipia sura tatu za mwanzo. Nyingine atalipia mwenyewe mshahara ukiingia, au akope kwa mtu wa fizikia.