Mhusika wa Kwanza: Kwa Nini Uanze na Valkyrie

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayefungua NetHack mara ya kwanza hukutana nalo kabla hajapiga hata hatua moja: nimchague nani? Gemu linakuwekea wahusika 13 mbele yako. Yupo samurai, yupo mchawi, yupo tabibu, yupo kuhani, yupo hata mtalii aliyevaa shati la maua. Wengi huchagua kwa kufuata jina linalovutia, wanakufa mara kadhaa mfululizo, halafu wanalifuta gemu wakisema halina maana. Hilo linaniuma, kwa sababu gemu lina maana sana. Tatizo lilikuwa pale mlangoni.

Kwa wasiolijua, niseme kwa ufupi. Mnamo mwaka 1980 vijana wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitengeneza gemu liitwalo Rogue. Unaingia kwenye shimo lenye matabaka mengi, na shimo hilo linapangwa upya kila unapoanza. Ukifa, umekufa. Kutoka hapo ukazaliwa ukoo mzima wa magemu, na NetHack, lililotoka mwaka 1987, ni mmoja wa watoto wake wakubwa. Unashuka hadi chini kabisa kutafuta Hirizi ya Yendor, kisha unapanda nayo hadi juu ukaitoe kwa mungu wako. Unaweza kusevu ukaenda kulala, lakini ukirudi faili lile linafutwa, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma kurekebisha. Na ni la bure, linaingia kwenye kompyuta kuukuu, wala halili bando. Ndiyo maana nalipigia debe kwa vijana wetu kila ninapopata nafasi.

Sasa kuna kigezo kimoja ninachotaka mkichukue. Mhusika wa kwanza awe yule ambaye akifa, utajua kwa nini amekufa.

Nasema hivyo kwa sababu katika gemu hili kufa ndiyo shule. Gemu lenyewe linakuchorea kaburi na kuandika juu yake nani amekuua, na kama wakati huo ulikuwa hujiwezi. Lakini kaburi hilo lina faida kama tu unaweza kulisoma. Chukueni mchawi. Mchawi anaanza na joho linalomkinga na uchawi wa wengine, anajua uganga wa kupiga kwa mbali, ana pete, ana fimbo ya ajabu, ana dawa za majimaji na makaratasi ya kusoma. Huko mbele huwa miongoni mwa wahusika wenye nguvu kabisa. Lakini mchawi binadamu anaanza na pointi 12 tu za uhai. Kundi la mbweha linamkuta tabaka la kwanza, na amekwisha. Je, alikosea kutotumia fimbo? Alikosea kuishiwa nguvu za uganga? Alikosea kusimama uwanjani badala ya mlangoni, ambako mbweha wangemjia mmoja mmoja? Au ilikuwa bahati mbaya tu? Anayeanza hawezi kujua, maana vitu alivyokuwa navyo ni vingi kuliko anavyovielewa. Anayejifunza udereva hapewi lori lenye matela.

Mtalii ni mgumu zaidi. Ana pointi 10, ana vishale, kamera na pesa nyingi, na wenye maduka wanampandishia bei wakimwona mgeni. Kuna watu watakaowaambia anzeni naye ili mkomae. Mimi nakataa kabisa. Anayekufa kabla ya kukutana na jambo lolote la kujifunza hakomai, anachoka.

Valkyrie ni mwanamke shujaa kutoka masimulizi ya kale ya watu wa Skandinavia. Vitu vyake ni vinne: upanga mrefu, jambia, ngao ndogo na chakula cha safari. Basi. Kila kimoja unajua ni cha nini. Valkyrie binadamu anaanza na pointi 16, baridi haimdhuru, na anatembea kimyakimya, kwa hiyo viumbe vingi vilivyolala haviamki anapopita. Mbweha wale wale wakimjia, mara nyingi atawamaliza. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu kwa nguvu tu. Nguvu zake zina kazi nyingine: zinaondoa vifo vya kijinga ili vibaki vifo vyenye somo.

Kwa mfano, kuna jicho la buluu linaloelea, alama yake kwenye skrini ni herufi e. Linajikokota polepole mno na halikushambulii. Ukilipiga kwa upanga, macho yenu yakakutana, unaganda hapo hapo kwa zamu nyingi, na hata mjusi mdogo anaweza kukutafuna hadi ufe. Upanga hausaidii, ngao haisaidii. Valkyrie anakufa pale sawa na mtalii. Lakini mwenye Valkyrie anajua mara moja: nililigusa lile jicho. Mara ya pili atalipita, au atalirushia jambia kutoka mbali, na hapo atakuwa ameelewa kwa nini alipewa jambia pamoja na upanga.

Jambo jingine ni sala. Uhai wako ukishuka chini ya pointi 6, au chini ya sehemu moja ya saba ya uhai wako wote, unaweza kusali na mungu wako akakuponya. Njaa ikifika hadi umekuwa dhaifu, hali kadhalika. Ila usisali hovyo: mwanzoni ngoja zamu kama 300 zipite, na ukishasali kaa kama zamu 1,000 kabla ya kurudia. Mhusika dhaifu anatoka pointi 9 hadi kaburini kwa pigo moja, hata nafasi ya kusali hapati. Valkyrie anaiona hatari ikija, kwa hiyo anajifunza kuhesabu. Nawaomba sana, wekeni macho kwenye ile namba ya uhai chini ya skrini kila zamu, maana wengi wanaangalia zimwi tu.

Sasa, binadamu au kibeti? Valkyrie anaweza kuwa wa ukoo wa vibeti, wale watu wafupi wachimbaji wa hadithi za Ulaya ya Kaskazini, na mimi nasema chagueni huyo. Kati ya tabaka la pili na la nne kuna ngazi ya pembeni inayoshuka kwenye migodi. Humo wamejaa vijitu waitwao gnome pamoja na vibeti wenyewe, na kibeti mwenye sururu au jembe la vita ameua wanaoanza wengi mno. Ukiwa wa ukoo wao, wengi wao watakuacha upite kwa amani. Gizani pia unawaona viumbe wenye joto la mwili. Tena imani ya kibeti daima ni ya kufuata sheria, hivyo akifika daraja la 5 la uzoefu anaweza kuchovya upanga wake mrefu kwenye chemchemi, na katika toleo la 3.6 kila mchovyo una nafasi moja kati ya sita ya kumpa Excalibur, ule upanga wa ajabu wa Mfalme Arthur wa hadithi. Chemchemi inaweza kutoa nyoka vilevile, basi mchovye mkiwa na afya.

Kuna tahadhari moja hapo. Gemu likikuuliza kama kweli unataka kumshambulia mtu aliye na amani nawe, jibu hapana. Ukimuua, bahati yako inashuka, na mwenye bahati mbaya akisali hasikilizwi.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza: nikae na Valkyrie hadi lini? Kaa naye hadi vifo vyako vianze kutokea mbali, vya aina usizozijua bado. Usibadilishe kwa hasira ya kufa. Ukibadilisha, mchukue samurai kwanza, kwa kuwa upigaji wake unafanana na wa Valkyrie, na tena unaanza na upinde. Kisha kuhani, ambaye anaona kitu kilicholaaniwa kwa kukitazama tu. Wengine inabidi wamwangalie paka au mbwa wao, kwani mnyama husita kukanyaga kitu chenye laana. Mchawi aje baadaye, siku ambayo kila kitu mfukoni mwake utakuwa unakijua.

Mkifika nyumbani leo, gemu litawauliza kama lenyewe liwachagulie mhusika. Bonyezeni n. Halafu v ya Valkyrie, halafu d ya dwarf, yaani kibeti. Jinsia na imani litawajazia lenyewe, na mtajikuta chumbani mkiwa na paka au mbwa pembeni. Msimwache nyuma mnaposhuka ngazi. Awe amesimama kando yenu ndipo mshuke.