Jirani Anayerudi Kesho

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi vijana mliojitolea kuhamasisha chanjo ya UVIKO-19, hamjambo.

Chanjo inavyofanya kazi mwilini mmeshafundishwa kwenye semina. Mimi nataka tumzungumzie mtu aliyeogopa sindano.

Mwaka 1977 Ali Maow Maalin alikuwa kijana, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Ndui ilikuwa bado ipo, chanjo yake ipo, naye anafanya kazi hospitali. Akakwepa. Miaka mingi baadaye alieleza sababu: aliona sindano ile inauma. Basi, hakuna zaidi. Oktoba ya mwaka huo lilikuja gari lenye watoto wagonjwa wa ndui, akapanda kumwonyesha dereva njia. Mwendo ulikuwa wa dakika chache tu. Homa ilipompata walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Kumbe ni ndui, na akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo katika maisha ya kawaida.

Alipona. Ninachompendea zaidi ni alichofanya baadaye: alijitolea kwenye kampeni ya polio nchini mwake, na kila alipokutana na mzazi anayekataa alimsimulia yaliyompata. Alifariki Julai 2013, kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo kwa sababu polio ilikuwa imerudi Somalia. Mzazi anayeogopa humsikiliza mtu wa namna hiyo, maana naye aliogopa.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Februari 2021 wizara yetu ya afya ilisema haina mpango wa kupokea chanjo ya UVIKO-19. Julai zikafika dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, chanjo ya kampuni ya Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Mwananchi aliyesikia hili na lile ndani ya miezi sita ana haki ya kuuliza. Nawaomba sana, msimwite mjinga.

Kazi ilianza kusonga pale chanjo ilipotoka vituoni ikawafuata watu minadani, kwenye nyumba za ibada na majumbani. Hapo ndipo mhudumu wa kujitolea alipohitajika, kwa kuwa daktari wa wilaya hajui ni nani kwenye nyumba ile mwenye kauli.

Mkifika, kaeni. Ulizeni: unaogopa nini hasa? Mwingine atasema chanjo inaua uzazi. Mwambieni wazi kwamba si kweli. Mwingine hana neno na chanjo, anahofia homa ya siku mbili wakati wa palizi. Huyo msimhubirie. Mpangieni siku ambayo haendi shamba. Na akiuliza kuhusu damu kuganda, msifiche: kwa Janssen ilitokea, ila ni kwa watu wachache mno.

Kisha rudini kesho yake. Hapa ndipo wengi wanapolegea, na hapa ndipo kazi ilipo. Mkono unauma, mwili umechemka, majirani wamekuja kumtazama. Kama haupo, atakayeeleza ni mwenye uzushi. Na ikiwa baada ya siku kadhaa ana maumivu makali ya kichwa, kifua kinabana au mguu umevimba, usibishane naye wala kumtuliza kwa maneno. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na ukae naye hadi aonwe.