Fedha inayofika kabla ya kampeni

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Moshi, nashukuru mmeitikia.

Tukitaja fedha za uchaguzi, wengi tunawaza wiki za mwisho: fulana, kofia, magari ya muziki, bahasha zinazopelekwa kwa wajumbe usiku. Uchafu huo nauchukia kama mnavyouchukia. Lakini leo tuuache kidogo, kwa sababu mfadhili anayejua kazi yake wakati huo huwa ameshamaliza.

Tazameni Marekani mwaka 2010. Watu walikuwa wanamwangalia Obama na Bunge la Washington. Kundi moja la chama cha Republican likapeleka takriban dola milioni 30 kwenye mabunge ya majimbo, kugombania viti ambavyo Wamarekani wengi hawajui hata nani amevikalia. Mpango huo uliitwa REDMAP. Mwaka huo ulikuwa wa sensa, na kila baada ya sensa mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya. Katika majimbo mengi mchoraji ni bunge la jimbo. Viti hivyo ni vya bei nafuu kuvigombania; ukivipata vya kutosha, kalamu ni yako kwa miaka 10.

Mwaka 2012 mavuno yakaonekana. Pale Pennsylvania, wagombea wa chama pinzani cha Democratic kwa Baraza la Wawakilishi la Washington walipata zaidi kidogo ya nusu ya kura. Wakaambulia viti 5 kati ya 18. Nchi nzima walizidi kwa kura zaidi ya milioni moja, na bado Republican wakabaki na viti 234 kwa 201. Mpiga kura alipanga foleni, kura yake ikahesabiwa sawasawa, kumbe jambo lilikwisha zamani, siku mipaka ilipochorwa. Hili linaniuma kuliko kura kuibwa, maana wizi angalau unaweza kuupigia kelele. Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliifuta ramani hiyo mwaka 2018, chaguzi tatu zikiwa zimepita.

Kutangulia si dhambi, lakini. Mwaka 1985 Ellen Malcolm na wenzake walianzisha EMILY's List, kuwachangia wanawake wa Democratic wanaotetea haki ya kutoa mimba. Hundi ndogondogo zilikusanywa kabla ya mchujo, mgombea aonekane ana watu nyuma yake na wafadhili wengine wamwamini. Mwaka 1986 Barbara Mikulski wa Maryland akaingia Seneti.

Kwetu mipaka ya majimbo huchorwa na Tume ya Uchaguzi, si madiwani. Lakini njia za kutangulia zipo. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inahusu uteuzi, kampeni na uchaguzi wenyewe. Sasa nani anahesabu Desemba ya miaka mitatu kabla? Mnaijua Desemba ya Kilimanjaro. Watu wamerudi nyumbani, kila siku kuna harusi au kipaimara. Mtu anashuka na gari kutoka Dar es Salaam, anatoa mabati ya kanisa, jezi za timu ya kata, anafunika rambirambi za ukoo mzima kwenye msiba. Hajaomba kura. Fomu zikitoka, wajumbe wanamwita "mtu wetu", na mwalimu aliyekaa na wanafunzi wa kata hiyo miaka yote anaulizwa umekuja na nini.

Mzee mmoja pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: sisi tusio na mamilioni tufanyeje? Mzee wangu, wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 kwa kuunganisha vidogo vyao. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni 2029. Mchagueni mtu wenu sasa, si mwaka ule. Watu 40 wakitoa elfu tano kwa mwezi, ni laki mbili: nauli ya kuzunguka vijiji, simu, ukumbi wa kikao. Na daftari la michango litunzwe tangu shilingi ya kwanza, kwa jina la kila aliyetoa, ili mgombea wenu akiulizwa fedha zimetoka wapi awe na la kuonyesha.