Mila Isiyo na Wazee: Mirror Lake na Wanafunzi Wake

Wazazi wangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliojibanza kule mlangoni, asanteni kwa kufika. Hapa Columbus, Ohio, karibu kila mmoja wetu ana mtoto, mpwa au jirani anayesoma Chuo Kikuu cha Ohio State, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza chuo ni kipi wala uhasama wake na Chuo Kikuu cha Michigan katika mpira wa Kimarekani umetoka wapi. Nimekuja na jambo lile lile mnalonisikia nalo kila ikikaribia Novemba: ule usiku wa wanafunzi kuruka bwawani.

Ulianza mwaka 1990. Hakukuwa na mkutano wala azimio. Kundi la wanafunzi lilikuwa likizunguka chuoni kushangilia timu kabla ya mechi ya Michigan, likafika Mirror Lake, bwawa la pale chuoni, watu wakajitosa. Mwaka uliofuata wakajitosa tena, na hao wakawa wengi hadi kufikia maelfu. Jumanne usiku ya wiki ya mechi, baridi inataka kugandisha, huyu amevaa kaptula, yule amejipaka rangi za timu kifua wazi, wanatumbukia gizani kwenye maji ambayo mtu mzima akisimama kichwa kinabaki juu. Wakitoka wanatetemeka meno yanagongana, mwingine kiatu kimoja kimebaki chini, mbio bwenini kutafuta maji ya moto.

Sasa nawauliza, nani alikuwa akisema "sasa basi"? Nani alisimama ukingoni kumwambia mtoto asitangulize kichwa? Nani alihesabu walioingia na waliotoka?

Mnaotoka Unguja mnaijua Mwaka Kogwa ya Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya, kila Julai. Wanaume wanatandikana kwa mabua ya migomba, upande huu wa mji na upande ule. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, na watu wanaingia na kutoka kabla hakijateketea. Ukiitazama kwa mara ya kwanza moyo unaweza kukupasuka. Lakini kuna wazee. Yupo wa kuwasha, yupo wa kutazama moshi unaelekea wapi, wapo wanaojua mapigano yaanze saa ngapi na yaishe lini, na kijana anayepigana leo aliwahi kusimama pembeni na baba yake akitazama inavyofanywa. Kina mama wana nyimbo zao na mahali pao. Ile ni hatari yenye wenyewe, na ndiyo maana inarudi kila mwaka na watu wakaenda kuoga na kula pamoja.

Najua kuna atakayesema mwacha mila ni mtumwa. Ndugu yangu, mimi siwaambii watoto waache mila! Nasema mila isiyo na mkubwa wa kuisimamia itamuumiza mtu, na atakayeumia ni mgeni, yule wa mwaka wa kwanza ambaye hajui sakafu ya bwawa iko karibu kiasi gani. Mwingine ataniambia hao ni watu wazima, wana miaka kumi na minane na zaidi. Wa Makunduchi nao ni watu wazima. Utu uzima haujamzuia mtu yeyote kuhitaji wa kumshika mkono gizani.

Chuo kilijaribu, tuseme ukweli. Mwaka 2013 wakaweka uzio kulizunguka bwawa, wakatoa vikuku vya mkononi, asiye na kikuku haingii. Wanafunzi wakafanya nini? Mamia yao wakaruka Jumatatu, siku moja kabla, kuonyesha kwamba bwawa ni lao. Hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu wanaofanya kazi pale. Uzio hauwezi kuwa mzee wa mila. Walinzi unawatuma tu, lakini mzee anakubaliwa na watu wake, na huyo hukuzwa miaka mingi kabla ya usiku wenyewe. Miaka zaidi ya ishirini ilipita bila yeyote kumkuza.

Novemba 2015 kijana mmoja aliruka, akaumia, akafariki. Ana mama huyo. Chuo na viongozi wa wanafunzi wakasema basi, na mwaka 2016 bwawa likakaushwa na kuzungushiwa ua kwa ajili ya kujengwa upya.

Nilitaka kuwaeleza kwa kirefu mila za zamani za pale, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: zamani wanafunzi wa mwaka wa kwanza walilazimishwa kuvaa kofia ndogo, na aliyekaidi alitupwa bwawani. Kulikuwa na chama cha wanafunzi, Bucket and Dipper, cha mwaka 1907, kilichosimamia sheria hizo. Ule ulikuwa uonevu, siutetei, ila ulikuwa na wenyewe wanaojulikana kwa majina, na ulipowachosha watu walijua pa kupeleka malalamiko.

Na chemchemi! Hili siwezi kuliacha. Bwawa lile lilikuwa chemchemi ya kweli, kwenye shamba la familia ya Neil, na maji hayo ni sababu mojawapo ya chuo kujengwa pale baada ya kuanzishwa 1870. Miaka ya 1890 jiji likachimba mtaro wa majitaka, mkondo ukakatika, na bwawa likawa la kujazwa maji. Kwa hiyo waliokuwa wakirukia "maji ya chuo" usiku ule hawakuyagusa yale maji ya mwanzo.

Lilifunguliwa tena 2018, kingo zake zimepandwa mimea ya asili ya Ohio. Vijana mnaosoma pale, nawaomba mimi mwenyewe: msisubiri mila nyingine izuke yenyewe. Kaeni sasa, ninyi wa mwaka wa nne, mchague mnachotaka kufanya pale wiki ya Michigan, mchague na watakaokaa ukingoni. Mkinihitaji kuja kukaa, nitakuja na koti langu.